Gasketi ya Manifoldi Inapovuja: Namna ya Kuitambua kwenye Pikapu Kuukuu

Injini ya pikapu kuukuu inapoanza kutetemeka gari likiwa limesimama, au maji ya rejeta yanapopungua bila kuacha hata tone chini ya gari, gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutajwa, na mara nyingi hutajwa kwa kubahatisha. Wapo wanaoifungua manifoldi yote, wakabadilisha gasketi, wakafunga, na ugonjwa ukabaki palepale kwa sababu kosa lilikuwa kwenye mpira mdogo uliopasuka nyuma ya kabureta. Wapo pia wanaobadilisha plagi, waya, pampu ya mafuta na sensa moja baada ya nyingine, ilhali gasketi iliyokauka ndiyo iliyokuwa ikipitisha hewa tangu mwanzo. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Gasketi hii ina kazi zaidi ya moja, na kila kazi ikishindikana huleta dalili zake, kwa hiyo anayeuliza tu kama gasketi imekufa hapati jibu la kumsaidia. Swali lenye faida ni hili: ni kitu gani kinachopita mahali kisipopaswa kupita, na nguvu ipi inakisukuma kutoka wapi kwenda wapi?

Manifoldi ni mkusanyiko wa njia zinazogawia kila silinda hewa yake, na kwenye injini za kabureta hewa hiyo hupita ikiwa tayari imechanganyika na petroli. Hufungwa kwa boli kwenye hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, na gasketi hukaa katikati kuziba maungio. Injini ya petroli inapozunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, hali ambayo mafundi wengi huiita sailensa, kibamba cha kuruhusu hewa huwa kimefungwa karibu kabisa huku pistoni zikiendelea kuvuta. Matokeo yake ni kwamba shinikizo ndani ya manifoldi hushuka chini sana ya lile la hewa ya nje, na tofauti hiyo ndiyo tunayoiita ombwe. Injini yenye afya iliyo karibu na usawa wa bahari huonyesha ombwe la kati ya inchi 17 na 22 za zebaki, na kipimo hicho hupungua kwa takriban inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, jambo ambalo yeyote anayepima injini nyanda za juu hana budi kulikumbuka kabla hajailaumu. Ombwe hilo lina maana moja ya msingi: kila ufa unaoingia kwenye njia za hewa hufyonza, haumwagi. Injini nyingi za zamani za dizeli hazina kibamba hicho, kwa hiyo yanayofuata hapa yanahusu injini za petroli.

Umbo la injini huamua gasketi inapakana na nini. Kwenye injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, gasketi hupakana na njia za hewa na, kwenye baadhi ya injini, njia ya maji inayopasha manifoldi joto. Kwenye injini za V za silinda sita au nane, ambazo zimejaa kwenye pikapu za Marekani, manifoldi hukaa juu ya bonde lililo kati ya hedi mbili. Hapo gasketi huzuia hewa isiingie, hubeba maji yanayovuka kutoka hedi moja kwenda nyingine, na ukingo wake wa chini hutazama bonde lenye oili inayorushwa huku na huku na sehemu zinazozunguka. Hewa, maji na oili hutenganishwa na ukanda ambao mahali pengine upana wake ni milimita chache tu.

Ukanda huo huchoka kwa sababu zinazoeleweka. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kusubu, na injini nyingi za zamani zina manifoldi ya alumini iliyobanwa kwenye hedi za chuma. Kila injini inapopata moto na kupoa, nyuso hizo mbili husuguana kidogo, na gasketi iliyo katikati huburuzwa maelfu ya mara. Maji ya rejeta yaliyopitiliza muda wake hupoteza dawa ya kuzuia kutu na kuanza kula kingo za njia za maji. Injini za V za General Motors za lita 5.0 na 5.7 zilizotoka kuanzia mwaka 1996 kwa jina la Vortec zilikuwa na gasketi zenye fremu ya plastiki na mistari ya mpira, na sehemu inayozunguka njia za maji inajulikana kwa kulegea na kuvuja baada ya miaka. Injini za Dodge za lita 5.2 na 5.9 za miaka ya 1990 zilikuwa na udhaifu wa aina nyingine: manifoldi ya alumini ilizibwa upande wa chini kwa bamba la chuma, na gasketi ya bamba hilo ilipochoka, injini ilianza kunyonya oili kutoka bondeni. Huyu ni ndugu wa ugonjwa tunaouzungumzia, na vipimo vya kuutambua ni vilevile.

Uvujaji wa hewa ndio unaosumbua akili kuliko yote, kwa sababu hauachi alama ya wazi. Injini hukaa sailensa kwa taabu, hutikisika, pengine huzima kwenye taa za barabarani, kisha dereva akikanyaga mafuta na kuondoka hutulia kana kwamba haijawahi kuugua. Tabia hiyo ya kupona kwa mwendo ni ushahidi wenye uzito. Ufa una ukubwa uleule wakati wote. Injini ikizunguka polepole na kuhitaji hewa kidogo, hewa ya wizi inayopita kwenye ufa huwa sehemu kubwa ya hewa yote, na mchanganyiko wa petroli hukosa nguvu. Kibamba kikifunguliwa, ombwe hupungua na hewa halali huongezeka mara nyingi, hivyo ile ya wizi haina tena athari kubwa. Injini inayokaa vizuri sailensa lakini ikaishiwa nguvu mlimani ina shida tofauti, mara nyingi upungufu wa petroli kutoka kwenye pampu au chujio, na kuifungua manifoldi yake ni kupoteza siku nzima.

Dalili hubadilika kulingana na jinsi injini inavyopima hewa, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Kwenye kabureta, skrubu ya kurekebisha mchanganyiko hupoteza usikivu wake, na fundi huizungusha bila injini kuonyesha tofauti ya maana. Kwenye injini yenye sensa inayopima kiasi cha hewa inayopita mdomoni, hewa ya ufa haihesabiwi, kwa hiyo kompyuta huongeza petroli kwa kufuata sensa ya oksijeni mpaka inapofika kikomo chake na kuwasha taa. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1996 hutoa namba za kosa za kawaida: P0171 kwa upande wa kwanza wa injini na P0174 kwa upande wa pili. Zikitoka zote mbili, ufa huenda uko mahali panapolisha pande zote. Ikitoka moja, tazama kwanza upande huo. Muhimu kuliko namba ni kusoma asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza: ikiwa ni kubwa sailensa na ikashuka karibu na sifuri injini inapozunguka mara 2,500 kwa dakika, hilo ni umbo la hewa ya wizi, ikiwa inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, tafuta upungufu wa petroli.

Kuna kundi la tatu, nalo huwadanganya hata wenye uzoefu. Injini zinazokadiria hewa kwa kupima shinikizo la ndani ya manifoldi, kama zile za pikapu za General Motors za kati ya 1987 na 1995 zenye nozo mbili za kunyunyizia petroli juu ya mdomo wa manifoldi, huiona hewa ya wizi kama hewa nyingine yoyote na huipatia petroli yake. Mchanganyiko hauwi mwembamba, yaani wenye petroli kidogo, bali injini huzunguka kwa kasi kuliko inavyotakiwa, na kifaa cha kudhibiti sailensa hujifunga mpaka mwisho kikijaribu kuishusha. Mtu aliyezoea kwamba hewa ya wizi lazima ilete mtikisiko na mchanganyiko hafifu atapita mbele ya gari hili na kusema gasketi ni nzima.

Kabla ya kuigusa gasketi, toa kwanza washukiwa wa karibu, kwa sababu ni wengi na ni rahisi kuwapima. Bana mipira yote ya ombwe mmoja mmoja kwa koleo lenye midomo laini, ukiwemo ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, huku ukisikiliza kama mzunguko wa injini unabadilika. Kagua gasketi iliyo chini ya kabureta au chini ya mdomo wa hewa, ringi za mpira za nozo, na valvu inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi. Valvu ya kurudisha moshi wa ekzozi ikigoma kufunga nayo huleta sailensa mbovu inayofanana kabisa na ya gasketi.

Baada ya hapo kipimo cha ombwe kina mengi ya kusema. Mshale uliotulia lakini uko chini kwa inchi kadhaa huashiria ufa, ingawa moto wa plagi uliocheleweshwa hutoa picha hiyohiyo, kwa hiyo hakikisha taimingi kwanza. Mshale unaodunda kwa mpangilio, ukishuka kila silinda fulani inapofika zamu yake, huelekeza kwenye mdomo wa silinda moja, ama gasketi yake ama valvu yake, na kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kutatenganisha hayo mawili. Mpira mrefu uliowekwa sikioni, ncha nyingine ikipitishwa taratibu kwenye maungio, mara nyingi huinasa sauti ya mfyonzo ambayo sikio tupu haliipati kwa kelele za feni na mkanda.

Wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusubiri mzunguko ubadilike. Njia hiyo hufanya kazi, lakini dawa hiyo ni kimiminika kinachowaka, kinapulizwa juu ya manifoldi ya ekzozi yenye moto mkali na karibu na waya za plagi ambazo kwenye gari kuukuu huenda zinavujisha cheche. Sioni sababu ya kuanza nayo. Chupa ya maji yenye mnyunyizo mwembamba, kwenye injini ambayo haijapata moto sana, hutoa jibu bila hatari hiyo: maji huziba ufa kwa sekunde chache, injini hubadilisha sauti, kisha hurudia hali yake. Gesi ya propani inayotolewa polepole kwa mpira mwembamba ni sahihi zaidi kwa kuwa unaweza kuelekeza ncha sehemu moja tu, nayo hufichua hata silinda iliyokuwa ikimisi, kwani huanza kufanya kazi ghafla inapopata ziada hiyo. Lakini nayo ni gesi inayowaka na inataka eneo lenye hewa ya kutosha na kizima moto karibu. Njia bora kuliko zote ni mashine ya moshi, ambayo injini ikiwa imezimwa hujaza manifoldi moshi wa mafuta kwa shinikizo dogo sana, kisha fundi akatazama kwa tochi unatokea wapi. Hata hiyo ina upofu mmoja: kwenye injini ya V, ufa wa upande wa bondeni hautoi moshi nje bali huupeleka ndani ya tumbo la injini, na moshi utatokea kwenye mdomo wa kujazia oili.

Fanya vipimo hivi injini ikiwa baridi na uvirudie ikiwa moto. Ufa unaoonekana asubuhi unaweza kufungwa na kutanuka kwa alumini baada ya dakika kumi, na gari likifikishwa kwa fundi likiwa limepata moto litaonekana zima.

Uvujaji wa maji una tabia nyingine, kwa kuwa maji ya rejeta husukumwa na shinikizo lake lenyewe, takriban bar moja kwenye mifuniko mingi. Yanaweza kutoka nje kwenye pembe za manifoldi, na kwa sababu chuma kina moto hukauka kabla hayajadondoka, yakiacha utando wa rangi yake au chumvi nyeupe na harufu tamu inayoingia ndani ya gari. Yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kuchomwa, na hapo ishara ni moshi mweupe na mtikisiko wa muda mfupi gari linapowashwa asubuhi. Baada ya injini kuzimwa ombwe hutoweka lakini shinikizo la maji hubaki kwa muda, na maji hujipenyeza hadi kwenye silinda yenye valvu iliyo wazi. Plagi ya silinda hiyo huwa safi isivyo kawaida, kana kwamba imeoshwa. Mahali pabaya zaidi ni bondeni, ambako maji huingia moja kwa moja kwenye oili. Kiwango cha oili kwenye kijiti hupanda badala ya kushuka, na oili hubadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa. Povu dogo chini ya mfuniko wa oili pekee halitoshi kuwa hukumu, kwani gari linalosafiri umbali mfupi wakati wa baridi hukusanya unyevu hapo. Lakini kijiti chenyewe kikitoka na oili ya namna hiyo, gari lisiendeshwe tena, maana beringi za krankshafti hazidumu kwenye mchanganyiko huo.

Kipimo chake ni pampu ndogo ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi kabisa. Jaza shinikizo mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, usipitishe, kisha uiache kwa nusu saa huku ukikagua pembe zote kwa kioo na tochi. Mshale ukishuka na nje pakawa pakavu, chomoa plagi na uzungushe injini kwa starta: silinda iliyopata maji itayarusha nje. Kuchomoa plagi kwanza ni lazima panaposhukiwa maji ndani, kwa sababu maji hayabanwi, na pistoni inayojaribu kuyabana inaweza kupinda fimbo yake.

Swali gumu hapa ni kutofautisha gasketi hii na hedi gasketi, kwa kuwa zote mbili zinaweza kupoteza maji, kuchafua oili na kutoa moshi mweupe, ilhali kazi ya kuzibadilisha haifanani hata kidogo. Tofauti iko kwenye mwako. Gasketi ya manifoldi haigusi chumba cha mwako popote, kwa hiyo haiwezi kupeleka gesi iliyoungua kwenye maji. Kile kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi za mwako kwenye mdomo wa rejeta kikibadilika rangi, elekeza macho kwenye hedi. Vivyo hivyo silinda mbili jirani zenye kompresheni ya chini, au mipira ya rejeta inayokuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala baridi. Kimiminika kisipobadilika, hedi gasketi haijaachiwa huru kabisa, kwani inaweza kuvuja kati ya maji na oili pekee, lakini mizani imeshaelemea upande wa manifoldi.

Kuhusu oili, kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni injini kunyonya oili kutoka bondeni kupitia ukingo wa chini wa gasketi. Moshi wa buluu hutoka, oili hupungua, na mwenye gari huambiwa ringi za pistoni zimekwisha. Kabla ya kukubali hukumu nzito hiyo, acha injini sailensa, chomoa valvu ya mvuke wa oili na uzibe mpira wake pamoja na tundu lake, ziba pia njia ya pili ya kupumulia, kisha weka karatasi nyepesi juu ya mdomo wa kujazia oili. Injini isiyo na ufa huko chini huisukuma karatasi taratibu, kwa sababu kila injini huvujisha gesi kidogo kupita ringi. Karatasi ikivutwa na kunata, manifoldi inafyonza kutoka kwenye tumbo la injini, na hakuna njia nyingine ya kulieleza hilo. Kwenye zile Dodge, tochi iliyomulikwa kupitia mdomo wa hewa huonyesha oili imetuama sakafuni mwa manifoldi.

La pili ni oili kuvuja nje kwenye kingo za mbele na nyuma za bonde, ambako badala ya gasketi kamili huwekwa utepe wa mpira au silikoni. Ufa wa nyuma hushusha oili ukutani mwa injini hadi kwenye maungio ya gia boksi, na hapo idondokapo ndipo hasa idondokapo oili ya sili ya nyuma ya krankshafti. Gia boksi zimeshushwa bure kwa kosa hili. Safisha nyuma ya injini, weka rangi ya kung'aa kwenye oili, endesha siku moja, kisha fuatilia kwa taa yake ukianzia juu kabisa.

Ushahidi ukishapatikana na manifoldi ikanyanyuliwa, usiitupe gasketi ya zamani kabla ya kuisoma. Njia ya hewa huacha mstari wa masizi au vumbi unaokatiza ukanda, maji huacha kutu na plastiki iliyolika, na oili huacha weusi uliolowana ndani ya mdomo wa silinda husika. Alama hiyo ilingane na kile ulichokipima. Isipolingana, ufa mwingine bado upo. Pitisha rula ya chuma juu ya nyuso zote mbili na fila, kile kibamba chembamba cha kupimia mwanya, chini yake, kwa maana manifoldi iliyopinda itaiua gasketi mpya kwa muda mfupi. Usisafishe alumini kwa diski za kukwangua, kwani chembe zake huangukia bondeni na kuishia kwenye beringi. Boli hufungwa kwa mpangilio na kwa hatua kama kitabu cha injini kinavyoagiza, na toki yake, yaani nguvu ya kukazia, ni ndogo kuliko mkono unavyotaka: kwenye zile Vortec za lita 5.7 hatua ya mwisho ni Nm 15 tu. Oili na chujio lake hubadilishwa hata kama maji hayakuonekana kwenye kijiti, kwa kuwa manifoldi inaponyanyuliwa maji yaliyobaki kwenye hedi humwagikia bondeni. Injini ikishawaka na kupata moto, funga tena kipimo cha ombwe palepale ulipokifunga mwanzo, na ulinganishe namba mbili.